Sabufa Nne, Amplifaya Moja: Tusome Omu Kwanza



Somo letu la leo linahusu muziki. Lakini si nyimbo wala kwaya. Linahusu vyombo vyenyewe, yaani amplifaya, spika, sabufa na betri ya gari. Mtu wa Namanyere havioni vigeni vitu hivi. Mavuno yakishaingia ghalani, harusi zinaanza, na Jumamosi moja unaweza kusikia miziki mitatu kutoka pande tatu. Vibanda vya video vina sabufa. Mabasi ya Sumbawanga yana sabufa. Hata pikipiki siku hizi unakuta zimefungwa spika.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, kikundi kizima cha watu wazima kilikaa kuzunguka redio moja kusikiliza somo. Spika ya redio ile ilikuwa ndogo kama kisosi. Ilikuwa imefungwa kiwandani, na hakuna aliyewaza kuiongezea nyingine. Sasa tunanunua amplifaya mahali pamoja na spika mahali pengine, kisha tunaziunga wenyewe. Hapo ndipo shida inapoanza.

Tuwaeleze yaliyotupata sisi.

Tulikuwa kikundi cha watu saba. Tuliuza mahindi na maharage, tukachanga, tukanunua vyombo vya kukodisha harusini. Amplifaya ilikuwa ya gari, tena iliyotumika. Tulinunua na sabufa mbili na betri ya volti 12. Kazi ilienda vizuri kwa miezi miwili, tukaanza kurudisha fedha za watu. Kisha tukaitwa kwenye harusi kubwa, njia ya kwenda Kirando. Mwenye shughuli alisema, "Jamani, nataka mdundo usikike mpaka kijiji cha pili." Basi tukaazima sabufa mbili zaidi kwa jirani. Mwenzetu mmoja akaziunga zote nne pamoja, nyaya chanya na chanya, hasi na hasi, akazifunga kwenye mdomo mmoja wa amplifaya. Muziki ukapiga kweli. Watu wakashangilia. Sisi tukajiona mafundi.

Ilipofika saa tano za usiku tulisikia harufu ya kitu kinaungua. Tukagusa amplifaya. Ilikuwa ya moto, huwezi kuacha kiganja juu yake. Kabla hatujaamua la kufanya, moshi ukatoka, muziki ukakatika. Bibi harusi alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Wazee hawakupoteza muda, walileta ngoma na harusi ikaendelea mpaka asubuhi. Sisi fedha ya kukodi tuliirudisha yote, na deni likabaki mikononi mwetu.

Kesho yake fundi mmoja aliigeuza ile amplifaya juu chini, akatuonyesha kibandiko. Paliandikwa herufi MIN, kisha tarakimu 2, kisha alama Ω. Akauliza, "Hapa mlisoma?" Tukatazamana. Aliyetuuzia hakutuambia kitu, na sisi tulipoona maandishi ya Kiingereza tuliyaacha yalivyo. Kumbe tulichotakiwa kusoma ni tarakimu moja tu. Na tarakimu tulizisoma sote darasani, mwaka ule ule wa kwanza wa kisomo.

ALAMA HII NI YA NINI?

Alama Ω inasomwa "omu". Ni herufi ya Kigiriki. Itazame vizuri: ni kama pete iliyokatwa upande wa chini, kisha ncha zake mbili zikakunjwa kutazama nje. Ukiiona kwenye spika, kwenye amplifaya au kwenye mita ya fundi, maana yake ni moja.

Jina limetoka kwa Mjerumani Georg Simon Ohm. Alizaliwa mwaka 1789, na kazi yake ilikuwa ualimu. Mwaka 1827 alichapisha kitabu kueleza jinsi umeme unavyopita katika waya. Wasomi wengi wa nchi yake hawakukipokea vizuri. Alifariki mwaka 1854. Mwaka 1881 mkutano wa nchi nyingi uliofanyika Paris ukakubali jina lake liwe jina la kipimo. Hivyo kila fundi anayesema "omu" anamtaja mwalimu huyo, ajue asijue.

Omu hupima ukinzani. Ukinzani ni ile nguvu ya kitu kuuzuia umeme usipite kwa urahisi. Hebu fikiri zizi la ng'ombe lenye lango moja jembamba. Ukifungua asubuhi, ng'ombe watatoka mmoja mmoja, wakisukumana. Lango lile linawakinza. Mchungaji mmoja anawamudu bila taabu. Sasa toboa lango la pili pembeni ya lile la kwanza. Je, ng'ombe watatoka polepole zaidi au kwa haraka zaidi? Watatoka kwa haraka mara mbili. Toboa malango manne, kundi zima litamwagika nje kwa mara moja, na yule mchungaji mmoja atazidiwa, mahindi ya jirani yataliwa.

Spika ni lango. Umeme ni ng'ombe. Amplifaya ni yule mchungaji.

Watu wengi wanadhani kuongeza spika ni kuongeza kizuizi, kwa hiyo amplifaya "itagawa" nguvu yake kidogo kidogo. Sisi pia tulidhani hivyo. Si kweli. Ukiunga spika ubavu kwa ubavu, kila spika unayoongeza ni lango jipya. Omu zinapungua. Umeme unaotoka unaongezeka.

NDANI YA SPIKA

Nyuma ya spika kuna sumaku nzito. Katikati ya sumaku hiyo kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye kijibomba. Koili imegandishwa kwenye karatasi pana ya spika. Umeme wa amplifaya ukipita katika koili, koili inasukumwa mbele na kuvutwa nyuma penye ile sumaku. Karatasi nayo inakwenda mbele na nyuma, inasukuma hewa, na hewa hiyo ndiyo tunayoisikia kuwa sauti. Sabufa ni spika pia, ila imetengenezwa kwa sauti nzito, ule mdundo unaousikia kifuani.

Waya wa koili ndio wenye omu. Spika nyingi za gari zina omu 4. Sabufa za gari mara nyingi zina omu 4 au 2. Spika za muziki wa nyumbani utakuta nyingi zina 8, nyingine 6 au 4. Tarakimu imeandikwa kwenye sumaku, nyuma. Ikiwa imefutika, fundi ataipima kwa mita. Lakini uwe mwangalifu hapo. Mita ikipima spika ya omu 4 huonyesha kama 3 na nusu hivi, na spika ya omu 8 huonyesha kama 6 au 7. Mita haijaharibika. Ni kwamba mita hupima kwa umeme uliotulia, na spika hufanya kazi kwa umeme unaocheza, na koili huukinza umeme unaocheza zaidi kidogo. Kwa hesabu zetu tutatumia tarakimu iliyoandikwa.

HESABU YA KWANZA

Mwalimu Ohm alituachia hesabu nyepesi: gawa volti kwa omu, utapata ampea. Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Tuseme amplifaya yetu inasukuma kwa volti 12. Kwa kweli msukumo wa muziki hupanda na kushuka kila mara, lakini tuchukue 12 ili tuelewane.

Sabufa moja ya omu 4: 12 ÷ 4 = 3. Zinapita ampea 3.

Omu 2: 12 ÷ 2 = 6. Zinapita ampea 6.

Omu 1: 12 ÷ 1 = 12. Zinapita ampea 12.

Mnaona? Omu zikipungua nusu, umeme unaongezeka mara mbili. Sasa turudi kwenye harusi yetu. Sabufa zetu zilikuwa nne, kila moja omu 4, tukaziunga ubavu kwa ubavu. Zikiwa sawa, unagawa omu za moja kwa idadi yake: 4 ÷ 4 = 1. Tuliitwika amplifaya omu 1, na yenyewe imeandikwa isishuke chini ya 2. Kwa hesabu hii ilitakiwa kutoa ampea 12 wakati mwisho wake ni 6. Ndani ya amplifaya mna vipande vidogo vinavyoitwa transista. Ndivyo vinavyobeba umeme huo. Vikizidiwa vinapata moto, na moto ukizidi vinapasuka. Baridi ya Ufipa isikudanganye ndugu. Baridi inakusaidia wewe kuvaa koti, haiwezi kuokoa transista iliyobebeshwa mara mbili.

NAMNA MBILI ZA KUUNGA

Kuna kuunga sambamba na kuunga kwa kufuatana. Mafundi wengine husema paraleli na sirizi. Ni mambo yale yale.

Sambamba ndiyo tuliyofanya sisi: chanya zote pamoja, hasi zote pamoja. Kama spika hazilingani omu, huwezi kugawa tu. Unazidisha omu za spika mbili, kisha unagawa kwa jumla yake. Tuchukue spika ya omu 8 na sabufa ya omu 4:

8 × 4 = 32

8 + 4 = 12

32 ÷ 12 = 2 na kitu, karibu 2.7

Jibu siku zote huwa dogo kuliko ile spika yenye omu chache. Ukipata jibu kubwa zaidi, ujue umekosea hesabu, rudia.

Kufuatana ni namna nyingine. Waya chanya wa amplifaya unaingia kwenye chanya ya spika ya kwanza. Hasi ya spika ya kwanza inakwenda kwenye chanya ya spika ya pili. Hasi ya spika ya pili inarudi kwenye amplifaya. Umeme unapita lango la kwanza, halafu lango la pili, kama ng'ombe wanaotoka zizini kisha wakakuta lango la pili la uani. Hapo omu zinajumlishwa: 4 + 4 = 8. Umeme unapungua.

Sasa tunaweza kuzichanganya namna hizi mbili, na hapa ndipo tungeokoka usiku ule. Chukua sabufa mbili, ziunge kwa kufuatana. Umepata omu 8. Chukua mbili nyingine, ziunge vile vile. Umepata omu 8 nyingine. Sasa umebaki na jozi mbili, kila jozi ina nyaya mbili tu zinazoning'inia. Ziunge jozi hizo sambamba: 8 ÷ 2 = 4. Sabufa nne, na amplifaya inaona omu 4 tu, kama vile amefungiwa sabufa moja! Ingepiga mpaka alfajiri.

Mtu atauliza, je, sauti haitakuwa ndogo? Itapungua kidogo ukilinganisha na omu 2, maana amplifaya itatoa karibu nusu ya wati. Lakini sikio halihesabu kama sisi. Wati zikipungua nusu, sikio linasikia tofauti ndogo tu. Na ukitaka mtu asikie sauti imekuwa mara mbili, utahitaji wati kama mara kumi. Ndiyo maana mtu anaongeza sabufa ya tatu na ya nne, anaunguza mali yake, na aliyekaa mbali hata hakujua kuwa kuna kilichoongezwa.

Kwa hiyo kumbuka neno hili: omu zikizidi zile za kwenye kibandiko, sauti hupungua lakini chombo kinabaki salama. Omu zikiwa chini ya zile za kwenye kibandiko, chombo kinaungua. Ukiwa na mashaka, kosea kwa kwenda juu.

SABUFA YENYE KOILI MBILI

Zipo sabufa zenye masikio manne ya kufungia nyaya badala ya mawili. Hizo zina koili mbili katika sumaku moja. Zimeandikwa 2 + 2 au 4 + 4. Usiogope. Zihesabu kama spika mbili. Ile ya 4 + 4 ukiiunga sambamba ni omu 2, ukiiunga kwa kufuatana ni omu 8. Ile ya 2 + 2 ukiiunga sambamba ni omu 1, na kwa kufuatana ni omu 4. Tumewaona vijana wengi wakinunua ile ya 2 + 2, wakaunga sambamba kwa sababu ni rahisi, na amplifaya haikumaliza wiki. Nyingine hufunga koili moja na kuiacha nyingine. Itapiga, lakini koili moja inabeba kazi ya mbili.

Jambo jingine linalounguza ni lile mafundi wanaloita kubriji. Amplifaya ya gari mara nyingi ina pande mbili, kulia na kushoto. Unaweza kuzifanya pande zote mbili zisukume sabufa moja: waya mmoja unatoka kwenye chanya ya upande mmoja, wa pili unatoka kwenye hasi ya upande mwingine. Kibandiko kinaonyesha masikio ya kutumia, penye neno BRIDGED. Nguvu inakuwa kubwa. Lakini kila upande unahisi nusu ya omu za sabufa. Sabufa ya omu 4, kila upande unaiona kama omu 2. Ukifunga sabufa mbili za omu 4 sambamba, jumla ni 2, na kila upande unaona 1. Kwa sababu hiyo kibandiko huwa na tarakimu mbili: 2 kwa kawaida, 4 kwa kubriji. Soma ile inayohusu namna uliyounga.

FYUZI HAISEMI UONGO

Usiku ule kulikuwa na kosa la pili, na tuseme wazi kwamba lilikuwa letu. Fyuzi ilikuwa imekatika wiki iliyotangulia. Badala ya kununua nyingine, tuliizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Muziki ukawaka, tukasahau. Pengine fyuzi ya kweli ingekatika saa tano za usiku, na hasara yetu ingekuwa ni fyuzi tu. Fyuzi ni mlinzi. Ukimziba macho usimlaumu mwizi. Wengine hutumia msumari, na hapo si amplifaya peke yake itakayoungua. Betri ya gari ina nguvu ya kutosha kuufanya waya uwe mwekundu kama kaa la moto. Waya ukiwa umepita kwenye maturubai, au chini ya nyasi za paa la kibanda cha video kilichojaa watoto, mnajua kitakachofuata. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, kwenye waya chanya, isizidi urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Na waya wa betri uwe mnene. Ukiushika baada ya nusu saa na kukuta una moto, ni mwembamba mno.

Fyuzi ina faida nyingine, nayo ni kumpima muuzaji. Amplifaya nyingi zimeandikwa tarakimu za kutisha: wati 1000, wati 2000. Kabla hujatoa fedha, tazama fyuzi zake. Zidisha ampea za fyuzi kwa volti za betri. Kama fyuzi ni ampea 30, basi 30 × 12 = 360. Chombo hicho kwa muda mrefu hakiwezi kuingiza zaidi ya wati 360 hivi kutoka kwenye betri, na sehemu ya hizo inapotea kuwa joto. Sasa hizo 2000 zitatoka wapi? Hata gunia la debe sita huwezi kutoa debe thelathini. Kama kibandiko kina neno RMS, tarakimu iliyo mbele yake ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Ile yenye MAX ni ya kupamba tu.

KABLA HUJAONGEZA SABUFA

Mara nyingi mdundo ni mdogo si kwa sababu sabufa hazitoshi, bali nyaya zimegeuzwa. Sabufa moja ikifungwa chanya kwa chanya, na ya pili ikafungwa chanya kwa hasi, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Zinauana. Dawa yake haina gharama. Chukua betri moja ya tochi, ile ya volti moja na nusu. Gusisha nyaya za sabufa mara moja tu kisha ondoa. Ncha chanya ya betri ikigusa chanya ya sabufa, karatasi inaruka kuja mbele. Ikirudi nyuma, nyaya zimegeuka. Weka alama kwa wino au fundo la uzi, ili gizani usikosee.

Kisha jaribu mahali pa kuziweka. Sabufa ikiwekwa chini, karibu na ukuta au kwenye kona, mdundo wake unaongezeka bila kuongeza hata wati moja. Ziweke mbili pamoja, zisitenganishwe na uwanja mzima.

Na muziki ukianza kukwaruza, shusha sauti. Kukwaruza maana yake amplifaya imefika mwisho, na umeme inaoutoa hapo unaunguza koili za spika. Betri iliyochoka nayo inaleta kukwaruza. Betri ya ampea 70 kwa saa, ikivutwa ampea 10, itafika nusu yake baada ya saa tatu na nusu, na betri ya gari haipendi kushushwa chini ya hapo. Wenye sola tuwaambie jambo moja: msifunge amplifaya moja kwa moja kwenye paneli. Paneli ya betri ya volti 12 huweza kutoa volti zaidi ya 18 kwenye jua kali. Lazima betri na kidhibiti chaji viwe katikati.

Wenye spika za honi, zile za kanisani, msikitini na kwenye gari la matangazo, hesabu yenu ni hii hii. Honi nyingi ni omu 8 au 16. Mbili za omu 16 mkiziunga sambamba ni 8. Amplifaya za kazi hiyo zina skrubu zilizoandikwa 4, 8 na 16. Fungeni kwenye ile inayolingana na jumla yenu, si kwenye ile iliyo karibu na mkono.

JIPIME

Sasa chukua daftari na kalamu. Usitazame majibu kwanza.

Swali la 1. Kibanda cha video kina spika mbili za omu 8, zimeungwa sambamba. Amplifaya imeandikwa MIN 4 Ω. Je, ni salama?

Swali la 2. Umenunua sabufa moja yenye koili mbili, 2 + 2. Amplifaya yako haitaki kushuka chini ya omu 4. Utaiunga namna gani?

Swali la 3. Dereva wa basi ana sabufa ya omu 4 kwenye amplifaya iliyoandikwa MIN 2 Ω. Anataka kuongeza sambamba sabufa mbili zaidi, za omu 4 kila moja. Utamshauri nini?

Majibu. La 1: 8 ÷ 2 = 4, ni salama, lakini wasiongeze spika ya tatu. La 2: kwa kufuatana, 2 + 2 = 4. La 3: sabufa zitakuwa tatu, 4 ÷ 3 ni 1 na kitu, chini ya 2. Aongeze moja tu, 4 ÷ 2 = 2, hapo atakuwa amefika mwisho kabisa. Ile ya tatu airudishe dukani kabla hajaitoboa matundu ya skrubu.